Nilivyouza R na L, Thika Hadi Ruiru

Walisema nitalinda geti mpaka nizeeke. Aliyelisema waziwazi ni Anko, kaka ya mama yangu, siku niliporudi kutoka Ghuba ya Uarabuni bila televisheni. Kwetu Makongeni, pale Thika, mtu akirudi kutoka ng'ambo huingia mtaani na televisheni kubwa begani mwa kijana wa mkokoteni, na watu wakahesabu kwamba amefaulu. Mimi nilishuka na begi moja na mpango wa kujiajiri nikitengenezea watu tovuti. Anko alisikiliza mpango wangu mpaka mwisho, akanywa chai yake, akaweka kikombe chini.

"Websaiti ni kitu gani? Unaifunga na kamba unaipeleka soko? Tafuta geti, kijana yangu. Geti unaijua."

Wengine walinipa moyo kwa namna iliyoumiza zaidi. Jirani mmoja alisema diploma siku hizi ni karatasi ya kufungia mandazi. Niliyesoma naye sekondari alinieleza kwa huruma kwamba kazi hiyo ni ya vijana wa Nairobi wenye digrii na Kiingereza cha puani, na kwamba hakuna mwenye duka Thika atakayemlipa mtu kwa kitu asichoweza kukishika. Ninawaandikia wote hao. Najua wanasoma, kwa sababu simu wanazosomea zinafungua kurasa nilizotengeneza mimi.

Diploma yangu niliipata katika chuo kilichokuwa juu ya duka la viatu, na sijawahi kuona haya kuisema. Nilipomaliza nilitafuta kazi mpaka soli zikaisha, ndipo nikaenda kulinda mlango wa jumba la maduka huko Ghuba. Kutengeneza tovuti nilijifunza huko, peke yangu, siku za mapumziko, wenzangu wakiwa wamelala. Sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na masomo ya bure kwenye mtandao na kichwa ambacho Mungu hakukosea alipokigawa.

Kitu kimoja tu ndicho nilichofundishwa, nacho ni Kiswahili. Niliyelinda naye mlango alikuwa mtu wa Tanga, na masikio yake hayakustahimili lugha yangu. Sisi Wakikuyu wengi R na L kwetu ni ndugu wanaovaliana nguo. Nikimwambia naenda kurara, ananizuia mlangoni. "Hapiti mtu hapa mpaka alale," anasema. Alinifuata hivyo mpaka mdomo wangu ukanyooka. Sikio, kumbe, halikunyooka. Lakini hilo lilikuja kujulikana baadaye, na likaja na baraka zake.

Mtu huyo wa Tanga ndiye aliyenikopesha nauli ya kurudi. Anko, pamoja na maneno yake yote, alinikopesha kodi ya chumba cha ofisi Ruiru, juu ya kinyozi, na kunikumbusha mkopo huo kila tulipokutana. Pesa za laptopu zilitoka kwa chama cha mama.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu hapa ndipo palipokuwa na moyo wa mambo yote. Mama anauza nguo za mitumba katika soko la Thika, na chama chao ni cha akina mama wa sokoni hapo. Kila mwezi wanakwenda nyumbani kwa mmoja wao, wanampelekea vyombo, blanketi na mchango, wanakula kwake na kumwombea. Mama aliponidhamini, zamu yake ilikuwa karibu. Alikuwa amepaka sebule rangi ya krimu na kushona mapazia mapya. Wateja wangu wa kwanza wakachelewa kulipa, nami nikachelewa kulipa chama, na zamu ya mama ikasukumwa mwisho wa foleni.

Hakuna aliyemtukana. Aliendelea kuhudhuria kila kikao na mchango wake mkononi. Ila katika chama chao, mwenye deni huketi karibu na mlango. Sheria hiyo haijaandikwa popote. Mtu huingia tu na kuona kiti kilichobaki. Mimi nilikuwa nimelinda mlango wa matajiri ng'ambo, na sasa mama yangu alikuwa analinda mlango wa wenzake kwa ajili yangu. Siku moja nilimwambia asiende, apumzike. Mama huniita baba, kwa kuwa nilipewa jina la babake. "Baba," akaniambia, "nisipoenda watasema nimekimbia. Wewe fanya kazi."

Nikafanya kazi.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa Kahawa Sukari, mama mwenye vyumba vya kukodishia wanafunzi wa chuo kikuu kilicho jirani. Vyumba vyake aliviita Lala Salama. Alitaka picha ya kila kitanda kikiwa kimetandikwa, na alivitandika mwenyewe, akinizuia kupiga mpaka mto ukae sawa. Muhula ulipofunguliwa vyumba vyote vilijaa, na wanafunzi wa miaka iliyotangulia wakamuuliza kwa nini bei imepanda. Akawaambia sasa wanalala kwenye mtandao.

Nilimtengenezea pia mpiga picha za harusi wa pale maporomoko ya Chania, biashara yake ikiitwa Maporomoko. Huyo alitaka maji yaonekane yakiporomoka kwenye ukurasa. Nilimwambia simu za wateja wake zitakwama. Akasema maporomoko yasiyoporomoka ni ukuta. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima nikapata njia: maji yakawa mepesi, yakashuka hata kwenye simu ya bei ya chini kabisa. Nimeona kazi za makampuni makubwa ya Nairobi zisizoshuka vile.

Halafu kulikuwa na mfugaji wa Gatuanyaga. Nilifika kwake na bodaboda, vumbi limenifanya mzee, nikapiga picha mbuzi wake wa maziwa mmoja mmoja kama watu wanaoomba pasipoti. Alicheka mno. Aliacha kucheka mnunuzi alipompigia akimtaka yule mwenye ndevu, wa picha ya tatu. Alinilipa nusu kwa pesa na nusu kwa mbuzi.

Nataja hao ili ijulikane kwamba uwezo ulikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mteja mkubwa.

Akapiga simu. Sauti nzito, nyuma yake vyombo vinagongana na watu wanaitana.

"Mimi ni Kura Kwetu, hapa Ruiru," akasema. "Unanijua?"

Nilimwambia ni nani asiyemjua, kama mfanyabiashara yeyote anavyopaswa kujibu. Akaeleza kwamba kila harusi ya Ruiru yumo, kila mazishi yumo, harambee za kanisa ndiyo usiseme. Sasa alitaka kupanuka, achukue Juja, kisha aingie Thika. Watu, akasema, wameteseka vya kutosha na wale wengine, wanaowapa watu kidogo na kubaki na kingi. "Mimi nikifika mahali," akasema, "kila mtu anashiba."

Nani hapa kwetu huhudhuria mazishi yote, hulaumu wale wengine na kuahidi watu kushiba? Nilielewa kama ambavyo Mkenya yeyote angeelewa. Mtu huyu alikuwa anasimama kiti, anagombea uchaguzi.

Alituma malipo ya kwanza saa hiyohiyo, nikampenda. Akatuma na picha. Moja ilionyesha foleni ya watu mpaka nje ya uwanja wa kanisa. Nyingine ilimwonyesha yeye mwenyewe katikati ya umati, mwili mkubwa, mkono ameuinua juu, ameshika kitu nilichokichukulia kuwa kipaza sauti. Nilikata picha ili uso ujae, nikaiweka juu kabisa ya ukurasa. Chini yake niliandika kwa herufi nene: KURA KWETU, KILA MTU ATASHIBA. Niseme ukweli, ilikuwa kazi nzuri sana. Ukiitazama unajisikia kutafuta kitambulisho chako ukajipange.

Nilimtumia aikague. Alikuwa shughulini, akasema rangi ameziona, ziko poa, niiweke hewani. Nikaiweka, naye akaisambaza bila kuisoma kwa vikundi vyote alivyokuwamo kwenye simu, kuanzia cha kanisa hadi cha wenye maduka.

Kesho yake asubuhi alinipigia. Sauti ilikuwa ya chini, na hilo lilinitisha zaidi.

"Kijana, uko wapi? Kuja. Kuja sasa."

Nilikuta hoteli ndogo nyuma ya stendi ya Ruiru, ya chapati na maharagwe, na mbele yake umati. Vijana wa stendi walikuwa wamemzunguka mwenye hoteli wakimwita mheshimiwa na kumwomba ya soda. Kikundi cha akina mama kilitaka ahadi ya hema na viti. Mzee mmoja, kwa adabu kabisa, alikuwa anauliza ni chama kipi, ili ajue kama atampa kura au atamwombea tu. Juu ya vichwa vyao, ukutani, kwa rangi nyekundu, palikuwa pameandikwa KULA KWETU.

Niliisoma mara mbili, nikaangalia gari la kubebea vyombo lililoegeshwa kando. Nalo lilisema KULA KWETU. Mwenye hoteli alinivuta ndani, mkononi bado ana upawa wa mchuzi, uleule wa kwenye picha.

"Mimi nilikuambia nasimama kiti gani?"

"Ulisema Kura Kwetu," nikajibu.

"Ndiyo. Kura." Akaichukua sahani ya maharagwe ya mteja aliyekuwa karibu na kuniwekea chini ya pua. "Kura. Kura chakura."

"Kumbe ni Kula."

"Si ndiyo nasema. Kura!"

Mteja akaomba arudishiwe sahani yake.

Huenda mwingine angeomba msamaha, akarudisha pesa na kukimbilia Makongeni. Mimi nilisimama pale nikifikiri, na kufikiri ndiyo kazi yangu. Mke wake alikuwa kwenye meza ya malipo, hajainua kichwa tangu niingie. Nilimuuliza zimebaki chapati ngapi. Akasema zimeisha. Mumewe akasema haiwezekani, saa nne haijafika. "Zimeisha," mama akarudia. "Hawa watu wako walisubiri soda wakaona haiji, wakaanza kununua chai. Na usiwafukuze, maharagwe bado yako."

Hapo nikajua nimeshika kitu. Niliomba kiti, nikafungua laptopu katikati ya sahani, nikarekebisha jina, nikaurudisha upawa kwenye picha, mkono wake ukapata maana. Halafu nikafanya jambo ambalo sijasikia mwenye digrii amelifanya. Nilichukua simu yangu nikaipitisha meza kwa meza, nikimwomba kila anayekula aandike jina la mahali anapokula. Jina liko ukutani, juu ya vichwa vyao, kubwa kuliko mlango. Wengi hawakuinua macho. Waliandika kama wanavyosema: kurakwetu.

Niliwaonyesha mume na mke. Niliwaeleza kwamba tovuti ikiwa na anwani yenye L peke yake, nusu ya Ruiru itapotea njiani, wakiwa na njaa na pesa mfukoni. Tununue anwani zote mbili, ya R impeleke mtu kwenye ya L bila yeye kujua kwamba amekosea, kwa sababu hajakosea, ameandika ulimi wake. Mwenye hoteli akaweka upawa mezani.

"Kwa hivyo hiyo makosa ni ya kulipiwa?"

"Ni ya kulipiwa," nikasema.

Mkewe ndiye aliyelipa. Tangu mwezi ule walianza kupikia harusi mpaka Juja, kama alivyotaka.

Nilirudi kwa wateja wangu wote wa zamani. Yule mwalimu wa Kahawa Sukari alikataa katakata kwamba kuna mtu anayeweza kuandika Rara Sarama, yeye akiwa amefundisha Kiswahili maisha yake yote. Nilimwomba amwite mlinzi wake. Mlinzi akaandika. Mwalimu akalipa, ila akamrudishia mlinzi simu na kumwambia wataonana jioni na daftari. Mpiga picha wa Chania alipata Mapolomoko yake. Siku hizi mteja mpya akija ofisini simwombi aniandikie jina la biashara. Namwomba alitamke, na ninamwomba amwite mama yake alitamke pia. Kampuni za Nairobi zina mashine za kila aina, lakini hazina sikio langu.

Lakini aliyenimalizia kazi alikuwa mwanamke mmoja aliyekuwa anasimama kiti kwelikweli, cha udiwani wa wodi. Alikuwa ameuona ukurasa ule wa kwanza kabla sijaurekebisha, akaja Ruiru na msaidizi wake kumchunguza mpinzani mpya aliyezuka ghafla. Alimkuta mpinzani anakanda unga. Alikula, akalipa, akauliza ni nani aliyetengeneza ukurasa ule. Alipanda ngazi za kinyozi akiwa bado anapangusa mikono.

"Nilikosa usingizi kwa sababu ya mtu wa chapati," akaniambia. "Kama umeweza kumfanya mpishi aogopewe hivi, mimi utanifanya nini?"

Nilimwambia bei yangu bila kumeza mate. Nilimwambia pia kwamba wanasiasa hulipa kwanza. Alicheka, akalipa kwanza. Nilimjengea ukurasa wa jina lake kwa herufi za kila ulimi wa wodi ile, hata za wale majirani wetu waliotoka magharibi kufanya kazi viwandani, ambao nao wana namna yao ya kulitamka. Wenzake wawili walifuata baada ya kuona. Wote walilipa kwanza.

Nilipokuwa na pesa zote za madeni mkononi, nilimpigia mwenyekiti wa chama cha mama. Nilimwambia kwamba Jumamosi asubuhi nitalipa deni lote, na nikamwomba kikao cha mchana kiwe kwetu. "Lete kwanza," akasema.

Jumamosi hiyo niliamka na kuoga kama bwana harusi. Nilianza na mtu wa Tanga, ambaye bado alikuwa mlangoni kule Ghuba. Nilimtumia pesa zake, kisha nikampigia na kumsimulia habari za Kula na Kura. Alicheka mpaka bosi wake akamkaripia. Alisema miaka yote aliyohangaika kuninyoosha, kumbe alikuwa anataka kuniharibia biashara.

Kwa Anko nilikwenda kwa miguu, makusudi, nipite mbele ya kila jirani. Anauza kokoto na mchanga kando ya barabara. Nilimpa zake, akazitia mfukoni, akatengeneza kofia yake. Aligeukia malori yake. Halafu akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama kokoto nayo inaweza kuwekwa websaiti.

"Inawezekana, Anko," nikamwambia. "Unaifunga na kamba, unaipeleka soko."

Alicheka peke yake nikiondoka. Nimemtengenezea baadaye, kwa bei kamili.

Mwenyekiti nilimlipa sokoni, mbele ya kibanda chake, na wenzake wakiwa wamesimama hapo. Alipomaliza kuzikagua alimwita mama kutoka upande wa pili wa soko. "Mwenye nyumba," akamwambia, "sisi tunakuja na njaa." Mama alifunga marobota yake mchana mweupe, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akaenda nyumbani kupanga viti.

Chakula kilitoka Ruiru. Gari la Kula Kwetu lilipoingia Makongeni likiwa na sufuria na yule bwana mkubwa ameketi mbele, watoto walilikimbilia, na jirani yule wa karatasi ya mandazi akauliza ni nani anayesimama kiti. Akina mama waliingia na blanketi na vyombo, wakasifu rangi ya krimu ambayo ilikuwa imewasubiri, wakayashika mapazia kuona kitambaa. Mama aliketi ndani kabisa, ameuelekea mlango. Mimi nilisimama pembeni nikimwangalia alivyokuwa anaangalia watu wakiingia kwake.

Walipokwisha kula na kuomba, mama aliinuka na kuwaambia kwamba huyu ndiye waliyemnunulia kompyuta, na kwamba amewarudishia. Wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema kwamba basi, kwa kuwa mtoto ni wa chama, atakitengenezea chama websaiti yake, kama zawadi, na wote wakaitikia kwa furaha. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo kukubali. Siku kama ile nani angekataa?

Mama hakuketi. Alingoja kelele zitulie.

"Mtamlipa," akasema. "Na atawawekea ya R na ya L."